Muhuri wa Jasinta Amito

Jasinta Amito alizaliwa katika kambi ya polisi ya Naguru, ndani ya moja ya zile nyumba za bati za mviringo ambazo askari wenyewe huziita mama ingia pole, kwa sababu mlango wake ni mfupi na kila anayeingia lazima ainame. Baba yake alikuwa sajini kutoka Kitgum. Nyumbani waliongea Kiacholi, bombani waliongea Kiswahili na watoto wa Walango na Wateso, na Kiganda walikikuta nje ya geti. Hakuna aliyefikiri kwamba mtoto wa pale angekuja kuishi kwa kujua vyombo vya fedha vya zamani na pauni za dhahabu za Waingereza.

Ilianza na kijiko cha sukari. Jasinta alikuwa na miaka kumi na saba, na mama yake alikuwa amekipata kijiko hicho kwa mwanamke aliyekuwa anahama, akampa unga wa mtama. Kilikuwa cheusi kama kilichotoka motoni.

"Kipeleke kwa yule Mgoa wa saa," mama alisema. "Atakwambia kama kina faida yoyote."

Mgoa wa saa aliitwa Tarcisio. Alikuwa na chumba chembamba Mtaa wa Luwum, mbele akitengeneza saa, nyuma akisugua vyombo vya fedha. Mwaka wa sabini na mbili, Wahindi walipofukuzwa, yeye hakuondoka, wala hakuwahi kueleza kwa nini. Alikishika kijiko, akakipangusa mkono wake kwa kitambaa, akampa Jasinta kioo cha kukuzia.

"Unaona nini hapo nyuma?"

"Simba."

"Anafanya nini?"

"Anatembea. Ameinua mguu mmoja."

"Basi hiyo ni fedha tupu. Ukiona herufi nne na simba hayupo, hiyo ni shaba iliyopakwa fedha juu, hata ikimeta namna gani."

Jasinta alikirudisha kijiko nyumbani, na kesho yake akarudi kwa Tarcisio bila kutumwa na mtu. Alikaa naye miaka kumi na moja. Miaka ile mji ulikuwa umejaa vyombo ambavyo wenyewe walikuwa wameviacha nyuma. Sinia za fedha zilianikiwa mukene, wale dagaa wa ziwani, mabirika ya chai yalitiwa mafuta ya taa. Watu walileta vitu hivyo vikiwa vimefungwa kwenye matambara, na yule mzee akamfundisha msichana kuvisoma: herufi ya mwaka, chapa ya mji, chapa ya fundi. Pauni za dhahabu alimfundisha kuzishika kwa ukingo tu, kuzipima, kumtazama yule mpanda farasi anayemchoma joka, na kuhesabu meno ya ukingoni. Na alimfundisha sharti moja. Usinunue kitu ulichompimia mtu. Siku utakapotaka kitu kiwe rahisi, alisema, macho yako yataanza kukiona rahisi.

Tarcisio alipofariki alimwachia mizani, kioo na kitabu cha chapa kisicho na jalada. Jasinta akaenda Nasser Road kwa wachapaji, akachongewa muhuri wa mpira wenye jina lake na neno MTHAMINI. Alikuwa ameshaolewa na Okwir, konstebo wa Kilango, na walikaa kambi ileile ya Naguru. Asubuhi aliweka mizani kwenye mkoba na kwenda alikoitwa: kwa ndugu waliokuwa wakigombea sinia ya marehemu baba yao, kwa padri aliyetaka kujua kikombe cha misa ni cha madini gani, kwa wajane. Alilipwa kidogo. Lakini ndugu waliokuwa hawasalimiani walikubali karatasi yenye muhuri wake na kwenda nyumbani kula. Okwir alikuwa akimtania kwamba katika nyumba ile ni mke anayefunga kesi nyingi kuliko askari.

Okwir alianguka kwa kiharusi mwaka wa elfu mbili na kumi na sita, akiwa bado kazini, akafa baada ya siku nne. Nyumba za kambi ni za walio kazini, na Jasinta alilijua hilo tangu utoto. Alipewa muda wa kujipanga. Binti yake wa pekee, Aciro, alikuwa amepanga chumba kimoja Kawempe na mume na watoto wawili, akisuka nywele barazani. Jasinta akabanana nao mwaka mzima. Wakati huohuo jicho la kulia lilianza kuingia ukungu. Mwanzoni alidhani ni kioo kimechafuka. Alikisafisha, akakisafisha tena, na yule simba wa kwenye vijiko akaendelea kuwa doa tu.

Hapo ndipo Byron Omolo alipomtafuta.

Byron alikuwa Mkenya wa Kisumu, mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole, Msabato asiyegusa pombe. Alikuwa na duka Makindye la sarafu na vyombo vya kale, lenye kabati za vioo na wavu wa chuma mlangoni. Wateja wake walikuwa wageni wanaopenda vitu vya zamani, na siku hizi zaidi wastaafu walioogopa kuweka kiinua mgongo chao mahali pengine, wakaambiwa dhahabu haiozi.

"Mama Aciro," alimwambia, akiwa amekaa kwenye kigoda barazani Kawempe na kikombe cha chai ya Aciro mkononi, "mimi nina mali, lakini sina jina. Wewe una jina na huna pa kukaa. Nyuma ya duka kuna vyumba viwili na choo cha ndani. Kaa pale, pima vitu vyangu. Mshahara kila mwezi."

"Mimi sinunui wala siuzi," Jasinta alisema.

"Nani amekwambia uuze? Wewe pima tu."

Alihamia Makindye. Kwa mara ya kwanza maishani alilala katika nyumba ambayo mlango wake haukumlazimu kuinama. Vitu vya Byron vilikuwa vizuri, na vile vibaya aliviweka kando mara tu Jasinta alipomwambia ni vibaya. Ilipofika mwaka wa nne jicho likawa halioni kabisa, na Byron akamlipia upasuaji. Alimpeleka mwenyewe, akangoja kwenye benchi akisoma Biblia, akamrudisha nyumbani akiwa amefungwa bandeji. Jasinta alimwambia Aciro kwenye simu kwamba hata mtoto wa kumzaa asingefanya zaidi.

Siku ya sita baada ya upasuaji, bandeji ikiwa bado jichoni, Byron alibisha mlango wa nyuma.

"Samahani, mama. Kuna mteja ametoka mbali, na gari lake linaondoka mchana. Ni pauni ishirini tu."

Mteja alikuwa Moreen Nerima, mkunga mstaafu kutoka Busia, mwanamke mnene kidogo, mwenye viatu vilivyong'arishwa vizuri. Alikaa na mkoba wake magotini, ameushika kwa mikono miwili. Pauni zilikuwa zimepangwa kwenye sanduku la mbao, tabaka juu ya tabaka. Jasinta alizitoa sita za juu, akazipima moja moja, akazitazama kwa jicho moja. Zilikuwa safi. Kichwa kilikuwa kinamuuma na dawa ilikuwa inamtoa machozi. Alizimwaga zile nyingine mezani, akazipitisha kwenye mizani haraka haraka, uzito ukawa ule ule, akazirudisha. Akaandika ishirini. Akagonga muhuri.

"Asante, dada," Nerima alimwambia. "Wewe nimekuamini kwa sababu umeniangalia usoni."

Miezi mitatu baadaye jicho lilikuwa limepona, na Jasinta alikuwa akiona kama msichana wa Mtaa wa Luwum. Siku hiyo Byron alikuwa ameacha pauni mbili mezani. Moja ilikuwa ya mwaka 1911, nyingine ya 1925. Jasinta alizitazama kwa sababu alipenda kuzitazama. Chini ya tumbo la farasi, karibu na mguu wa nyuma, pauni ya kwanza ilikuwa na kishimo kidogo kuliko punje ya ulezi. Kasoro kama hiyo hutokea. Akachukua ya pili. Kishimo kilikuwa palepale, ukubwa uleule.

Aliziweka chini. Sarafu mbili zilizotengenezwa miaka kumi na minne mbali haziwezi kuumia mahali pamoja. Kalibu zake zilinakiliwa kutoka kwenye sarafu moja iliyokuwa na kishimo, na mwaka tu ndio uliobadilishwa.

Kisha akakumbuka. Siku ya Nerima, kwa lile jicho moja lenye machozi, alikuwa ameona mahali fulani kitu kama vumbi chini ya tumbo la farasi, na alikuwa amekipangusa kwa kidole, na hakikutoka.

Byron aliporudi alimkuta amekaa na zile pauni mbili mbele yake.

"Hizi si za kweli," Jasinta alisema. "Na zile za mama wa Busia?"

Byron alivuta kiti akakaa. Hakukasirika. "Sita za juu zilikuwa nzuri. Ulizipima vizuri sana."

"Na kumi na nne?"

"Mama Aciro, kwenye ile karatasi jina langu halipo. Iangalie ukitaka, nakala ninayo. Kuna jina lako na muhuri wako. Mimi ni mfanyabiashara tu, niliyemwajiri mtaalamu." Alisema haya kwa sauti ileile aliyomwulizia jicho asubuhi. "Sitaki tugombane. Wewe ni mama yangu hapa Kampala. Muhuri nitautunza mimi, usije ukapotea."

Akaunyanyua kutoka mezani, akautia kwenye droo yake, akafunga kwa ufunguo.

Tangu siku hiyo hakumwomba Jasinta kutia sahihi kitu chochote kibaya. Hilo ndilo lililomchanganya Jasinta zaidi. Alimpa birika za kweli, vijiko vya kweli, pauni za kweli. Jasinta alizipima kwa uangalifu na watu walimwona kupitia kioo akizipima. Pembeni, kwenye meza ya Byron, wateja wengine waliondoka na masanduku madogo ya mbao, na karatasi ndani. Hakuhitaji kuambiwa muhuri uliogongwa pale ni wa nani.

Alijaribu kuondoka. Siku moja ya Jumamosi, Byron akiwa kanisani, alifunga nguo zake na mizani kwenye shuka, akapanda boda mpaka Kawempe. Aciro alimpokea vizuri. Watoto walikuwa wamefika watatu. Jasinta alilala nao kwenye mkeka, na binti yake alipouliza kuna nini, alisema amechoka na kazi. Alitaka kusema zaidi. Lakini Aciro alikuwa akiwahadithia wateja wake, huku vidole vikisuka, kwamba mama yake ndiye yule ambaye padri alimwita kupima kikombe cha misa. Jasinta aliisikia hadithi hiyo mara mbili katika wiki moja, na kila mara akaahirisha kumwambia mpaka kesho.

Siku ya nane Byron alikuja mwenyewe na kilo tano za sukari na mche wa sabuni. Alikaa kwenye kigoda kilekile.

"Mama ametukimbia," alimwambia Aciro akicheka kidogo. "Labda nimemkosea, lakini hasemi."

Aciro aliona aibu. Alimfuata mama yake nyuma ya nyumba. "Mama, mtu aliyekulipia jicho unamkimbia kwa nini? Na hapa unaona tunavyobanana."

"Naona."

"Amekukosea nini?"

Jasinta alitazama ukuta. "Hakuna," alisema.

Alirudi Makindye katika gari la Byron, na mizani magotini. Njiani Byron alimwuliza kama anaumwa na baridi, akapandisha kioo.

Ikapita miaka miwili. Jasinta alianza kuogopa simu, na alianza kuogopa wanawake wanene wenye viatu vilivyong'aa. Alikuwa na namba ya Nerima, iliyoandikwa kwenye kitabu chake cha kazi siku ile, na mara nyingi aliibonyeza mpaka tarakimu ya mwisho, kisha akaifuta. Angemwambia nini? Angesema mimi ndiye, halafu angelala wapi, na Aciro angewahadithia nini wateja wake? Kanisani aliacha kukomunika. Padri alipomwuliza, alisema magoti yanamsumbua.

Kisha, asubuhi moja ya mwezi wa tatu, Byron aliingia chumbani kwake kabla ya kufungua duka.

"Yule mama wa Busia anakuja saa nne. Mume wake anahitaji kupasuliwa moyo, anataka kuziuza pauni." Alikaa. "Sikiliza, mama, hii ni bahati yetu sote. Mwambie bei ya pauni za aina hiyo imeshuka. Mimi nitazinunua zote ishirini, nitampa nusu ya alichotoa. Atapata pesa ya hospitali, zile kumi na nne zitarudi kwangu, na karatasi yako nitaichana mbele ya macho yako. Muhuri nitakurudishia. Ukitaka kwenda Kawempe uende."

Jasinta alingoja atoke. Alioga, akavaa gomesi yake ya kijani, akajikalisha kwenye meza yake. Jambo lenyewe lilikuwa na akili ndani yake, na hilo ndilo lililomwogopesha. Mgonjwa angetibiwa. Kwa nusu saa nzima alikuwa amekubali.

Nerima aliingia akiwa amekonda. Viatu vilikuwa vilevile. Aliweka lile sanduku la mbao mezani, na juu yake ile karatasi ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, haina hata mkunjo.

"Dada, unanikumbuka?"

"Nakukumbuka."

"Nimeitunza kama ulivyonipa. Nataka kujua leo zina thamani gani."

Byron alikuwa amesimama kando ya kabati, akifuta kioo kilichokuwa tayari safi. Jasinta aliitazama karatasi. Saini yake ilikuwa imepinda kidogo, saini ya mtu mwenye jicho moja. Akamgeukia Byron.

"Naomba glasi ya maji."

Byron alimletea, akidhani ni ya kunywa. Jasinta aliiweka glasi juu ya mizani, akairudisha mizani kwenye sifuri. Akafungua kibweta chake cha uzi, akaifunga pauni ya kwanza ya juu, akaining'iniza ndani ya maji bila kugusa chini.

"Soma hapo," alimwambia Nerima.

"Sifuri nukta nne sita."

"Hiyo ni dhahabu. Dhahabu ni nzito kwa umbo dogo, inasukuma maji kidogo. Pauni ya kweli haifiki nusu." Akaifungua, akaenda kuchukua nyingine kutoka chini kabisa ya sanduku. "Soma hii."

"Mama Aciro," Byron alisema.

"Soma, dada."

"Sifuri nukta tano nane."

"Hii imechanganywa na kitu kingine. Ukiipima kavu ina uzito uleule, kwa sababu wameifanya nene kidogo. Maji ndiyo yanayoonyesha."

Nerima hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, na mkono wake ukaenda kwenye ile karatasi ndani ya plastiki, ukaivuta kwake.

"Hii si wewe uliyeiandika?"

"Ni mimi."

"Ulijua?"

"Siku ile sikujua. Sikuzipima zote ipasavyo, na ilikuwa kazi yangu kuzipima. Baada ya miezi mitatu nilijua."

"Miezi mitatu," Nerima alisema. "Na leo ni mwaka wa pili. Namba yangu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

Byron alikwenda mlangoni, akauvuta ule wavu wa chuma, akafunga kufuli kwa ndani na kutia ufunguo mfukoni. Alirudi akiwa bado mpole. Alisema watu wazima wanaweza kuelewana bila kelele. Alimwahidi Nerima nusu, kisha robo tatu. Alisema hakuna polisi atakayempasua mgonjwa moyo. Jasinta aliendelea kufunga uzi na kuzamisha pauni, moja baada ya nyingine, na kila iliyopita mtihani aliiweka kulia. Nerima alitoa simu, akaiweka juu ya mkoba, akakaa wima.

"Nimezalisha wanawake miaka thelathini," alisema. "Kungoja nimezoea. Nina kaka yangu kwenye gari hapo nje, nisipotoka atakuja mwenyewe."

Walikaa hivyo, watatu ndani ya wavu, karibu saa nzima. Mteja mmoja alibisha akaondoka. Ilipofika pauni ya kumi na tisa, kaka yake Nerima alianza kugonga wavu kwa jiwe, na watu wa duka la jirani wakatoka kutazama. Byron alifungua. Aliwapisha kwa adabu, akasema anakwenda kuleta pesa benki, akaingia kwenye gari lake. Hakurudi. Baadaye wengine walisema yuko Kisumu, wengine Mwanza. Kwenye droo yake, ilipovunjwa, muhuri ulikutwa pamoja na karatasi tupu kumi na moja zilizokwisha kugongwa.

Jasinta alikwenda kituo cha polisi na Nerima na kaka yake, kwa gari lao. Mpelelezi aliyewapokea aliitwa Oyat, na alikuwa amekulia Naguru, mistari mitatu ya nyumba kutoka kwa yule sajini wa Kitgum, baba yake Jasinta. Aliandika maelezo yote. Kisha akaweka kalamu.

"Mama, wewe ni mtu ya kambi yetu," alisema. "Mzee Okwir alinifundisha kupiga kwata. Lakini hii karatasi inaongea jina yako, na yule mwingine hayuko. Nitafanya namna gani?"

"Andika kama ilivyo."

"Ukienda kotini peke yako, watakubebesha yote."

"Najua."

Alilala mahabusu siku mbili, miongoni mwa wanawake waliokamatwa kwa kuuza nyanya barabarani, kisha akapata dhamana. Aciro ndiye aliyemdhamini. Hakumuuliza kitu mpaka walipofika Kawempe, na alipoambiwa yote akasema, "Sukari yake tuliinywa wote." Tangu siku hiyo hakuihadithia tena ile habari ya padri.

Masharti ya dhamana yalikuwa mawili. Kila Jumatatu aripoti, na asiandike karatasi yoyote ya thamani mpaka kesi iishe. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Mshtakiwa wa kwanza hajapatikana, hakimu amehamishwa, faili linatafutwa. Jumatatu hadi Jumatatu Jasinta hakuweza kwenda hata Kitgum kumzika dada yake, kwa sababu barua ya ruhusa ilichelewa siku moja. Alikaa barazani akimshikia Aciro nyuzi za kusukia. Walikuja watu na pete, na mara moja mtu alikuja na birika zima la fedha, zuri sana. Aliwarudisha wote. Lile birika alilitazama mpaka lilipokunja kona.

Mume wa Nerima alipasuliwa hatimaye, kwa michango ya ukoo na kwa shamba lililouzwa. Akapona nusu, upande mmoja ukabaki dhaifu.

Mwezi wa kumi na moja Nerima alikuja Kawempe. Aliuliza nyumba ya msusi, akaelekezwa. Aciro alimletea kigoda, hakukaa.

"Sijaja kukusamehe," alisema. "Nataka tuelewane kabla sijasema lingine."

"Nimeelewa."

"Nina zile sita. Dawa za mzee zinaisha. Nimezipeleka kwa watu watatu mjini, na kila mmoja ananitajia bei yake na kunicheka. Mmoja amesema mbili ni bandia."

"Zote sita ni za kweli."

"Najua ulisema. Nataka twende wote. Ukae kando yangu, uangalie mizani yake, uniambie anadanganya au hadanganyi."

"Siruhusiwi kuandika."

"Sikukuomba uandike. Karatasi yako sitaki kuiona tena."

Walikwenda. Jasinta alisimama nyuma ya kiti cha Nerima katika duka ambalo hakuwahi kuingia, na kijana wa mezani akamtambua, akaacha kuongea sana. Mizani ilikuwa sahihi. Bei ya kwanza ilikuwa ndogo, Jasinta akatikisa kichwa. Ya pili pia. Ya tatu akainama, akamwambia Nerima sikioni, "Hii ni haki. Lakini ile ya 1893 usiuze kwa uzito, ni adimu, ina bei yake." Nerima aliitoa ile moja, akairudisha kwenye mkoba, akauza tano.

Nje, alimlipa nauli ya boda mpaka Kawempe, kamili, bila kuzidisha. Alimwuliza Jumatatu huripoti saa ngapi, ili akimhitaji tena asimwite saa hizo.

"Saa tatu asubuhi. Wakati mwingine nakaa mpaka mchana, mwenye kitabu asipokuwepo."

Nerima aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza tumbo la mjamzito. Kisha akavuka barabara kwenda kutafuta gari la Busia, na Jasinta akapanda boda.

Jumatatu iliyofuata aliripoti, akatia sahihi kwenye kitabu cha polisi, na faili likawa bado linatafutwa.